Mkono wa Sonara wa Mutsamudu

Wapo wanaokusanya stempu, wapo wanaokusanya saa za mkononi, na Unguja nilimjua mmoja aliyekusanya wake mpaka akasahau zamu. Mimi nilikusanya vibao vya maduka. Sisemi mabango ya siku hizi yanayoletwa bure na makampuni ya vinywaji, chupa kubwa juu na jina la mwenye duka limebanwa chini kama mtu aliyekosa kiti. Hayo sikuyataka hata ya kuezekea banda la kuku. Nasema vibao vya zamani, vilivyochongwa au kuchorwa kwa mkono: kiatu cha mbao cha mshona viatu, mkasi wa bati wa fundi cherehani, jino kubwa la mng'oa meno lenye mizizi mitatu, jeupe pe, ambalo watoto wangu walipokuwa wadogo walikataa kulala nalo chumba kimoja.

Nilianza na kibao cha kinyozi wa Itsandra. Kilikuwa bati lililochorwa kichwa cha mwanamume, upande mmoja kimenyolewa na upande wa pili kina nywele, na mdomo ukicheka upande ule ulionyolewa tu. Kinyozi mwenyewe alikwisha kufa, na watoto wake walilitumia bati hilo kufunikia pipa la maji. Niliwapa redio niliyoitengeneza upya, wakanipa bati. Wao walidhani wamenipunja, mimi nikadhani nimewapunja, tukaagana kwa furaha kubwa.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio. Nilizaliwa Unguja katika ukoo wa Kingazija, nikajifunza ufundi huko, na nilipokuwa kijana jamaa zangu wakarudi Moroni nami nikarudi nao, ingawa kurudi mahali ambapo hujawahi kufika ni neno la ajabu kidogo. Nikaoa Moroni. Nikahamia nyumbani kwa mke wangu, mtaa wa Magoudjou, nikiwa na sanduku la nguo na sanduku la vyuma, kwa sababu ndivyo mambo yalivyo visiwani humu: baba humjengea binti yake nyumba, na mume huingia humo kwa hisani. Nilikuwa nikilijua jambo hili kwa akili. Lakini nilikulia Unguja, ambako nyumba huitwa kwa fulani na fulani huyo ni mwanamume, na mambo ya utotoni hayatoki upesi mwilini.

Mke wangu alinipa chumba cha mbele kiwe karakana. Nikachora kibao changu mwenyewe, redio yenye mistari ya manjano inayotoka ndani kuonyesha sauti, nikakipigilia juu ya mlango wa barabarani. Yeye alishona kofia chumba cha ndani. Si kofia za mchezo. Zilikuwa zikivaliwa na mabwana waliofunga ndoa kubwa, ile harusi ambayo mtu wa kisiwa chetu cha Ngazidja huiandaa nusu ya umri wake ndipo ahesabiwe mtu mbele ya watu. Vitundu vya kofia zake vilikuwa vidogo na vya sawasawa, na ukiiweka juani kivuli chake kilikuwa na maua. Wateja wake walikuja wakiwa wameelekezwa, "Nendeni pale pa redio, muulize." Mimi niliona hiyo ni sifa kwa redio.

Sebule ikajaa vibao. Mke wangu alinung'unika, lakini kwa namna yake ya kucheka na uzi mdomoni.

"Nyumba hii inanyoa, inang'oa meno, inashona viatu, inauza samaki," alisema siku moja. "Mgeni akiingia hajui aombe nini."

"Aombe chai," nikamjibu.

Mtaani kwetu walikuwapo wengi waliorudishwa kutoka Majunga, Bukini, baada ya machafuko ya huko, walioletwa kwa ndege na nguo walizovaa tu. Mmoja wao alikuwa fundi saa, na katika hekaheka zile yeye alibeba kibao chake badala ya sufuria: saa ya mbao, ya duara, haina mishale. Nilikitamani kibao kile kupita kiasi. Kila nikimwambia nitampa redio, alinijibu neno lile lile.

"Muulize mwenye ukuta."

Mwenye ukuta alikuwa bikizee mmoja aliyempangisha kibanda. Nikamwambia fundi, "Kibao umekuja nacho wewe, kwa ndege."

"Kwenye ndege kilikuwa changu," akasema. "Sasa kimepigiliwa."

Nilicheka. Nilidhani ni ujanja wa Majunga, njia ya kumkatalia mtu bila kumuudhi. Ningemsikiliza vizuri siku ile, nisingekuwa na haya ya kusimulia.

Kabla visiwa havijagombana, nilikuwa nikivuka kwenda Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani, mara kwa mara kutafuta redio zilizokufa, maana redio moja iliyokufa hutoa vipuri vya kufufulia nyingine. Mutsamudu mjini njia ni nyembamba, nyumba zimeinamiana, na mtu mnene akikutana na mtu mwenye kikapu lazima mmoja awe mpole. Katika ujia mmoja wa namna hiyo ndipo nilipogonga kichwa kwenye mkono.

Ulikuwa mkono wa mwanamke, wa mbao ya mfenesi, mkubwa kuliko mkono wa mtu mara mbili hivi, umetokeza ukutani juu ya mlango wa duka la sonara. Vidole vimeachana kidogo, kama vya mtu anayeonyesha pete. Kwenye kifundo kulikuwa na bangili tatu za waya wa shaba, zimezamishwa ndani ya mbao kwa ustadi hata kucha isingepata pa kuingia. Moshi na mvua vilikuwa vimeutia weusi mzuri. Nimeona vibao vingi maishani, na sijaona kingine kilichonifanya nisahau kichwa kinachoniuma.

Sonara alikuwa mzee mchangamfu, Kiswahili akikijua cha kununulia na kuuzia. Wakati ule hakuwa na wateja, na mkewe alikuwa amekwenda Domoni harusini. Akaitazama redio niliyokuja nayo, ya mawimbi mafupi, iliyokamata mpaka Kairo. Akaisikiliza, akaipunguza sauti, akaiongeza. Akatazama juu ujiani, akatazama chini. Kisha akaleta ngazi na koleo, akaung'oa mkono mwenyewe.

"Bibi hatasema kitu?" nilimuuliza, kwa adabu tu.

"Kibao ni cha kazi, na kazi ni yangu," akanijibu.

Kwa masikio ya Unguja lilikuwa jibu kamili. Nikaufunga mkono, nikauchukua Moroni, nikaupa mahali bora kuliko pote, juu ya mlango wa chumba cha ndani. Mke wangu alisimama chini yake na kofia mkononi, akaupapasa kwenye bangili.

"Mkono huu ni wa mtu," alisema.

"Mikono yote ni ya watu," nikasema, nikashuka kwenye kiti nikijisikia sultani.

Kisha Ndzuani ikajitenga. Walisema hawaitaki tena serikali ya Moroni, wengine wakapandisha bendera ya Kifaransa, jambo lililowafanya wazee wetu wa Moroni washike tama kwa mshangao. Wanajeshi walitumwa kutoka kwetu wakarudi bila kufanikiwa. Simu zikakatika, boti zikawa za kubahatisha, na baadaye vikaja vikwazo. Mimi siasa nimewaachia wenye makoo mapana. Ninachojua ni kwamba visiwa hivi vimeoana. Kulikuwa na watu wenye mama upande huu na watoto upande ule, nao walikuja karakana kwangu na redio mbovu mikononi, wakisimama karibu yangu nikichomea waya, wakisubiri sauti itoke. Sijawahi kuwa na kazi nyingi kama wakati ule, na nilikuwa nikiona haya kuifurahia.

Katika wakati huo akafika mama mmoja muuza vitambaa kutoka kisiwa cha Mwali, mmoja wa wale wanawake ambao serikali zikigombana wao huendelea kupita na furushi lao. Hakuniuliza mimi. Alipita moja kwa moja mpaka kwa mke wangu, akakaa, akanywa maji, ndipo akasema:

"Nimeagizwa na dada wa sonara, anakaa Mirontsy, jirani na Mutsamudu. Anasema mumeo aurudishe mkono wa yule mama."

Nilikuwa mlangoni. Sindano ya mke wangu ilisimama.

"Mkono wa mama gani?" akauliza, na sauti yake ilikuwa tulivu kwa namna nisiyoipenda.

Mama wa Mwali akasimulia. Mke wa sonara alirudi kutoka Domoni na shiromani lake jipya la kujitanda, akainua kichwa ujiani, akaona misumari mitupu. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akafunga mlango, na nguo za mumewe zikatoka dirishani, zimekunjwa vizuri. Mkono ule aliuchonga baba wa mke huyo, naye alikuwa sonara. Aliuchonga alipokuwa akimjengea binti yake nyumba, akipima mkono wa binti mwenyewe, kidole kwa kidole, na akaupigilia ukutani kabla ya mchumba yeyote kutokea. Huyu mume alikuja baadaye, kijana wa kazi, akaoa chini ya mkono huo na akafanyia kazi chini yake. Sasa yuko Mirontsy kwa dada yake, ameketi ukumbini na redio, kwa sababu kwao mwanamume akitoka kwa mkewe hana pa kwenda ila kwa mama yake au dada yake. Mama alikwisha kufa, na dada amechoka naye.

"Na anasema nini yeye mwenyewe?" mke wangu akauliza.

"Anasema alimwambia mkewe, 'Wa kweli ninao ndani, wa mbao wa nini?'"

Wanawake wale wawili walitazamana. Nikajua sonara ameharibu zaidi alipojaribu kutengeneza.

Mgeni alipoondoka, mke wangu aliniita. "Mkono ulinunua kwa nani?"

"Kwa mwenye duka."

"Duka liko wapi?"

"Chini ya nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Nikamkumbuka fundi saa wa Majunga na saa yake isiyo na mishale.

"Mimi sikuiba," nikasema hatimaye. "Nilitoa redio, tena nzuri."

"Sikusema umeiba. Nasema mzee wa watu analala kwa dada yake. Ingekuwa wewe?"

Dada yangu alikuwa Unguja. Ningekuwa na safari ndefu.

Hata hivyo nilivuta miguu. Nitasema ukweli, niliupenda mkono ule na roho iliniuma. Nilisema bahari imechafuka. Nilisema wakubwa wanakutana, tusubiri wapatane. Nilisema Mngazija akishuka Mutsamudu siku hizi ataulizwa ametumwa na nani. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti, akapanda, akaung'oa mkono kwa nyundo yangu, akauviringisha ndani ya leso yake ya kujifunga.

"Nyumba yangu haikai na mkono wa mwanamke mwenzangu," akasema. "Wakubwa wakipatana, na wapatane. Huyu anataka mumewe."

Nikapata nafasi kwenye meli ndogo ya mizigo iliyopitia Mwali, nimekaa juu ya magunia ya unga, mkono mapajani. Watu waliniuliza nimebeba nini nami nikasema kibao. Wakaridhika. Siku zile watu walibeba vitu vya ajabu zaidi.

Bandarini Mutsamudu walitushusha mmoja mmoja. Kulikuwa na wanaume wenye bunduki, si askari hasa, watu wa mjini tu waliopewa silaha, na mmoja mwenye ndevu akasikia lafudhi yangu akaniweka kando. Akaniuliza nimekuja kufanya nini. Kabla sijajibu alikwisha kuifungua leso. Vidole vikamtokea. Aliruka nyuma, bunduki ikamponyoka begani, na wenzake wote wakageuka.

"Mkono wa nani huu?"

"Wa bibi mmoja wa hapa hapa mjini," nikasema. Niliona jinsi jibu langu lisivyosaidia.

Akasogea tena, polepole. Akainama. Uso wake ukabadilika, na mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye paji la uso.

"Huu si ule wa ujia wa masonara?" alisema. "Umenigonga tangu nimeanza kurefuka!"

Wakaja wote kuutazama, na ikawa kila mmoja ana habari yake. Mmoja aligongwa siku ya harusi yake akaingia kwa wakwe na nundu. Mwingine alisema tangu ulipotoweka hajui tena pa kukata kona. Hawakuniuliza tena nimetumwa na nani. Yule mwenye ndevu aliufunga mkono upya, vizuri kuliko nilivyoufunga mimi, akanisindikiza mwenyewe, akiwapigia kelele watu watupishe. Nimewahi kuogopa sana, na nimewahi kucheka sana, lakini vyote pamoja katika saa moja ilikuwa mara ile tu.

Duka la chini lilikuwa limefungwa. Mwenye nyumba alishuka nusu ya ngazi, akabaki pale kivulini, uso umepakwa msindzano wa msandali kama wafanyavyo wanawake wa kwao.

"Kwezi, bweni," nilimwamkia, kwa maneno anayoamkiwa mama mwenye heshima yake.

"Mbona," akaitikia, kama wanavyoitikia wao salamu hiyo. Hakunikaribisha.

Nilisema nisemayo. Kwamba mimi ndiye mtu wa redio, kwamba nilidhani, kwamba mke wangu amenituma na anamsalimu. Niliposema mke wangu amenituma, ndipo akashuka ngazi zilizobaki. Akaifungua leso juu ya kizingiti, akaweka mkono wake kando ya ule wa mbao. Wake ulikuwa umenenepa vifundoni, mishipa imetokeza, na kidole cha mwisho kimepinda. Wa mbao ulikuwa bado wa msichana. Lakini ulikuwa mkono ule ule, mtu yeyote angeona, mpaka upana wa kucha.

"Baba alinisimamisha mpaka nikalia," alisema. "Nilikuwa nataka kwenda kucheza, naye anasema, 'Bado kidole gumba.'"

Nikamwomba radhi. Safari hii sikutaja redio.

"Mwambie aje," akasema. "Misumari ni kazi yake. Aje mchana, watu wakiwa njiani, na nyundo aje nayo."

Mwenye ndevu ndiye aliyekwenda Mirontsy, mbio, kama amepewa kazi ya serikali. Sonara akaja katikati ya mchana, amevaa kanzu safi, nyundo mkono mmoja na redio mkono wa pili, akifuatwa na dada yake aliyebeba furushi la nguo kwa furaha isiyofichika. Ujia ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa madirishani. Mzee wa watu alipanda ngazi, akapigilia, na kila pigo mtu mmoja alipata la kusema: weka kulia, weka kushoto, angalia usije ukauza na ngazi. Jasho lilimtiririka. Alipomaliza akashuka, akasimama mbele ya mlango wa mkewe na redio kifuani. Nilimtazama usoni. Alikuwa anaogopa, mzee yule, kama kijana anayeposa, na mimi nikaogopa pamoja naye.

Mlango ukafunguka kidogo. Mkono ukatoka, ule wa kweli.

"Redio iingie," sauti ikasema. "Wewe subiri."

Akaitoa redio. Mlango ukafungwa. Tukasikia ndani ikitafutwa stesheni, kelele, muziki, kelele, kisha mtu akisoma habari. Watu walikuwa wamejibana mbavu kwa kicheko. Sonara hakucheka. Alisimama, mikono imening'inia, mpaka mlango ulipofunguka tena, upana mzima, na mkewe akasema bila kumtazama, "Chakula kinapoa." Akainamisha kichwa, ingawa mlango ulikuwa mrefu wa kumtosha, akaingia. Dada yake alitupa furushi ndani kabla yeyote hajabadili mawazo.

Nilikwama Mutsamudu. Meli iliyonileta ilizuiwa, na nyingine haikuonekana upesi. Wenyeji wangu walinitandikia katika duka la chini, na nikala kwao, mihogo mingi na mchele kidogo, maana vitu vilikuwa adimu. Dhahabu haikuingia kisiwani na sonara hakuwa na la kufanya ila kufuta vumbi kwenye mizani. Nilizitengeneza redio za ujia mzima. Jioni tulikaa barazani, na kila mpita njia mrefu alipogonga kichwa alisema alhamdulillahi.

Siku moja mwenye nyumba alinirudishia leso, ameifua na kuikunja. Akaniuliza mke wangu anafanya kazi gani. Nikamweleza kofia, vitundu, maua ya kivulini, nikajisikia nikisema kwa fahari.

"Na kibao chake kikoje?"

Nilikuwa na kinyozi wa Itsandra aliyekufa. Nilikuwa na jino, mkasi, kiatu, samaki wa duka ambalo hakuna anayekumbuka lilikuwa wapi. Nilikuwa na redio yangu yenye mistari ya manjano, juu ya mlango wa nyumba isiyo yangu. Miaka yote nilikuwa nikizunguka visiwani kuvionea huruma vibao vya watu, na aliyekuwa akishona nyuma ya mgongo wangu hakuwa na hata ubao wa kuchorea kwa chaki.

"Hana," nikasema.

Hakunisema. Ingekuwa afadhali angenisema. Aliondoka, akarudi na sinia la shaba, la zamani, limetoboka ukingoni.

"Hili ni langu, nililetewa mimi," akasema, akimtazama mumewe alipofika kwenye neno hilo. "Kwa hiyo naweza kulitoa." Akamwekea mapajani. "Mshonee mwenzangu kofia."

Sonara alikata, akafua, akainama juu ya kazi ile kama ni dhahabu ya harusi. Mimi nilimweleza jinsi vitundu vinavyokwenda, nikagundua ninavijua vyote bila kuwahi kuvitazama kwa makusudi. Alivitoboa kimoja kimoja. Kofia ile ya shaba aliipa upana wa mikono miwili, na alipoishika juani, maua yalianguka ukutani.

Meli ilipopatikana niliifunga katika leso ile ile. Nilifika Magoudjou asubuhi, nimechoka, kanzu imeshika unga. Mke wangu alikuwa mlangoni. Alipoona furushi uso wake ulianguka.

"Umerudi nao?"

"Fungua."

Akafungua. Akapitisha kidole juu ya vitundu, safu kwa safu, kama afanyavyo anapokagua kofia kabla ya kumkabidhi mwenyewe, na midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Cha nani hiki?"

"Chako."

"Cha duka lipi?"

"Lako. La humu ndani."

Akaketi kizingitini. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, akawa anacheka pia.

"Kumbe ulikuwa unajua ninafanya kazi," alisema.

Nilichukua nyundo. Zamani ningechagua mahali mwenyewe. Safari hii nilisimama na misumari mdomoni, nikamwonyesha ukuta kwa mkono, nikimwuliza. Alitoka barabarani, akarudi nyuma hatua chache, akautazama uso wote wa nyumba yake. Kisha akanyoosha kidole pale ilipokuwa redio yangu.

Nikaing'oa redio, na mistari yake ya manjano iliyofifia, nikapigilia kofia. Jua lilikuwa upande wetu, na maua yakashuka mpaka kizingitini. Fundi saa wa Majunga alitoka kibandani kwake, akaangalia juu, akapiga makofi mawili na kurudi kazini.

Nikabaki na kibao changu kwapani. Nikamwuliza kama naweza kukitundika sebuleni, pamoja na kinyozi na wale wengine. Akafikiri kwanza, kisha akaniruhusu.